Barua ya wazi kwa wakuu wa gofu ya kulipwa Kenya: Wiki moja haijawa msimu

Kwa Wenyeviti, Makatibu na Wajumbe wa kamati mnaosimamia gofu ya kulipwa nchini,

KUH: WANAGOFU WA KULIPWA WASIO NA MSIMU WA KUCHEZA

Waheshimiwa,

Sikupenda tufike hapa. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono wangu. Karani akaigonga muhuri wa "IMEPOKELEWA" na kunirudishia nakala, ninayo hadi leo. Ya pili nilijibiwa kwa simu, tena kwa sauti ya upole kabisa: "Tulia kijana, tutakuita." Kijana mwenyewe nina miaka 38. Ya tatu haikupata hata muhuri. Ndipo nikaona niseme nanyi mbele ya watu. Sitaitaja klabu wala afisi kwa jina, maana shida yenyewe haikai nyuma ya mlango mmoja, na ninaowasema watajitambua mapema tu.

Mimi ni mwanagofu wa kulipwa. Kabla ya hapo nilikuwa kedi, yaani mbeba mkoba wa mchezaji, na kusema kweli siku nyingi za wiki bado ni kedi. Mchezo huu nilijifunzia kwa chuma nambari 7 (fimbo ya kupigia mpira) ambacho mwanachama mmoja alikigonga kwenye mti kwa hasira, kikapinda, akakiacha hapo hapo. Tulikinyoosha kwa goti. Hadi leo mpira wangu unaenda kushoto kidogo, na nadhani ni kwa sababu ya chuma kile.

Nianze na dereva wa mboga.

Februari 2024, Magical Kenya Open, shindano letu kubwa la kimataifa, ikichezwa Muthaiga, Nairobi, alikuwepo Mwingereza aitwaye Joe Dean. Miezi michache kabla, alikuwa amepata kadi ya kucheza DP World Tour, ligi kuu ya Ulaya, kupitia mchujo wa mwisho kule Uhispania: raundi 6 mfululizo, mashimo 108, wanaume wazima wakitoka uwanjani na machozi. Kadi alikuwa nayo, nauli hakuwa nayo. Mashindano ya mwanzo wa msimu yakampita akiwa kwao, akiendesha gari la kuwapelekea wateja bidhaa za duka kuu la Morrisons. Alipofika Nairobi alimaliza wa pili, sare na Mhispania Nacho Elvira, mikwaju 2, yaani mapigo 2 ya mpira, nyuma ya Mholanzi Darius van Driel. Akaondoka na karibu euro 200,000. Kwa bei ya euro ya wiki ile, hizo zilikuwa kama shilingi milioni 30 za kwetu.

Nilikuwepo, ila si kama mchezaji. Nilisimama kando ya shimo moja katika yale tisa ya mwisho, bendera ndogo mkononi, kazi yangu kutazama mpira unaangukia wapi na kuuonyesha. Jumapili jioni nikalipwa ya siku nne, nikapanda matatu.

Zile pesa sikuzionea wivu. Kilichonikaa moyoni ni kilichofuata. Juni mwaka huo huo, kwenye KLM Open kule Amsterdam, Dean alifika mashimo ya ziada ya kuamua bingwa, yeye na Marcus Kinhult wa Uswidi na Guido Migliozzi wa Italia. Akashinda Migliozzi. Julai, Dean akawa Royal Troon, Scotland, anacheza The Open, moja ya mashindano manne makubwa kabisa ya gofu. Kila baada ya wiki chache palikuwa na shindano, na kila shindano lilimjenga kwa lile linalofuata. Muthaiga ilimfungulia mlango, na nyuma ya mlango ule palikuwa na nyumba. Sisi wetu ukifunguka, tunatokea barabarani.

Na huyo Migliozzi aliyemshinda, mnakumbuka alianzia wapi? Uwanja wa Karen, hapa Nairobi. Machi 2019, mwaka wake wa kwanza kwenye ligi hiyo, umri miaka 22, akashinda Kenya Open kwa mkwaju mmoja. Miezi michache baadaye akashinda tena Ubelgiji. Aaron Rai alishinda Muthaiga 2017, wakati shindano letu lilikuwa bado la daraja la pili la Ulaya. Mwaka huo akashinda mara tatu na kupandishwa daraja kabla msimu haujaisha. Huyo mama yake alitoka Kenya kwenda Uingereza, kwa hiyo tulimpigia makofi kama mpwa. Trevor Immelman alishinda hapa mwaka 2000, na 2008 akavaa koti la kijani la bingwa wa Masters, jingine katika yale manne makubwa. Hata nyasi zetu zimefanikiwa ng'ambo: kule Riviera, Los Angeles, mabingwa wa dunia wanahangaika na nyasi ziitwazo kikuyu, ambazo sisi tunazikanyaga tukienda dukani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja tangu 1967, na wanaopona ni wao.

Mwenyeji aliyekaribia kupona ni Jacob Okello. Mwaka 1998 alifika mashimo ya ziada dhidi ya Ricardo González wa Argentina, akashindwa. Zaidi ya robo karne tunaisimulia siku ile kwenye banda la makedi, na kila anayeisimulia anaongeza kidogo, hadi siku hizi mpira wa Okello unapita kwenye ukingo wa shimo mara mbili. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda Kenya Open. Najua mnaijua aibu hiyo; kila mwaka waandishi wa habari huwauliza, nanyi hujibu kwamba safari hii vijana wamejiandaa vizuri.

Hatujajiandaa vizuri, waheshimiwa. Naomba nieleze kwa nini.

1. Hatuna kalenda inayoaminika. Mwaka jana nilikuwa na shindano moja lililoahirishwa mara mbili kwa ujumbe wa WhatsApp, mara ya pili ujumbe ukiingia saa mbili usiku, nimeshafika mji wa shindano na kulipia chumba. Mchezaji wa Ulaya anajua Januari atakuwa wapi Septemba. Anapanga apumzike lini, arekebishe nini katika mpigo wake, akope lini na alipe lini. Mimi napanga wiki kwa wiki kama muuza sukuma wiki. Safari Tour, mfululizo wa mashindano yetu ya kulipwa, ilipoanza tulishangilia, na Sunshine Development Tour, ligi ya kukuza wachezaji kutoka Afrika Kusini, ilipoletwa Afrika Mashariki 2024 tulishangilia zaidi, na bado tunashukuru. Nje ya hapo, mashindano ya hapa na pale yanategemea kama fulani amempata mdhamini na kama mdhamini hajabadili nia.

2. Nafasi za wenyeji. Kuna zinazopatikana kwa alama, na hizo sina neno nazo; aliyepata kapata. Ugomvi wangu ni juu ya zile chache za mwaliko katika mashindano makubwa. Mwaka mmoja niliambiwa nimo. Nikaambia mama, nikaambia kanisa. Siku 9 kabla ya shindano jina likatoka, na hakuna aliyenieleza limetokaje. Sidai kwamba aliyewekwa hakustahili, huenda alinizidi. Nadai tu kigezo kiandikwe mahali, kisomeke, kisibadilike mechi ikishaanza.

3. Mazoezi. Hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo, maana ndipo tunapochinjwa kila mwaka na watu wakidhani tunakosa moyo.

Mtazamaji akiona Mkenya anakosa kuvuka mchujo wa siku mbili za kwanza, anafikiri ni presha, au ni Mungu. Njoo uone grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, za wiki ya Kenya Open. Zimekatwa fupi, zimepigwa roli, ngumu kama meza. Jumatatu ya wiki ile, mwaka nilioingia uwanjani kupitia mchujo, niliweka mpira hatua tano kutoka kwenye shimo, nikausukuma nilivyouzoea. Ukapita shimo. Ukaendelea. Ukateremka taratibu kama sarafu juu ya kioo, ukatoka kwenye grini kabisa, ukasimama nyasi ndefu. Mchezaji mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa karibu akageuza uso ili asinicheke. Miezi 11 nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye grini ambayo lazima upige mpira kwa nguvu ndipo uende. Siku tatu za kujifunza upya mikono yangu hazikutosha. Nilikosa kuvuka mchujo wa siku mbili kwa mikwaju 4, na naweza kuwaonyesha mikwaju 6 niliyoipoteza kwa kusukuma mara tatu kwenye grini ambazo mara mbili zingetosha.

Na hayo mazoezi ya miezi 11, tunayapata vipi? Makedi tunaruhusiwa kucheza Jumatatu, kama hakuna kampuni iliyokodi uwanja. Katika klabu moja niliyoifanyia kazi miaka mingi, kadi yangu ya mchezaji wa kulipwa haikunisaidia kitu getini. Nilitakiwa kununua ndoo ya mipira kwa bei ya mgeni, na ikifika saa kumi jioni, wanachama wakianza kutoka kazini, askari alikuja kutuambia tupishe. Siku moja nilimwomba nimalizie mipira 11 iliyobaki kwenye ndoo. Akasema, "Ndugu yangu, mimi mwenyewe nimetumwa." Nikamwachia ndoo. Sikuweza kumkasirikia, nyumba zetu ni ploti moja.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mpira hupaa mbali kuliko pwani. Mgeni anahitaji siku kadhaa kujua chuma chake kinafika wapi. Sisi tunajua hilo tangu utotoni. Ni faida kubwa, nasi tunaitupa yote kwenye grini.

4. Zawadi zinazochelewa. Niliwahi kumaliza wa 6 katika shindano moja nikalipwa baada ya miezi minne. Karatasi ya matokeo siwezi kuipeleka kwa mwenye nyumba.

5. Nauli, visa, ada za kujiandikisha. Mchujo wa kutafuta kadi ya Ulaya una hatua tatu, na kila hatua ni ndege, hoteli, chakula na ada. Kuna mwenzangu aliyekubaliwa kwenye mchujo wa nje, akaomba barua ya utambulisho ili aende ubalozini. Barua ilitoka siku mbili baada ya tarehe ya kuhojiwa. Barua ya nusu ukurasa! Haikuhitaji mdhamini wala bajeti, ilihitaji mtu mmoja aketi na kuiandika.

Najua mtakachosema, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa.

Mtasema hata Joe Dean hakuwa na nauli, na bado alifika. Kweli. Lakini kadi yake ilimngoja. Aliporudi kwenye gari la mboga, nafasi yake kwenye ligi haikutolewa kwa mpwa wa mtu. Na kwao, mtu akipata nauli, shindano lipo, kwa tarehe iliyoandikwa. Umaskini wake ulikuwa kikwazo kimoja. Kwetu ukishauvuka huo unakuta kalenda haipo.

Mtasema hatuna kiwango. Hili linaniuma, na nitakubali nusu yake: wengi wetu hatuna kiwango cha kushinda kwa siku nne dhidi ya watu wanaocheza wiki 25 kwa mwaka. Kiwango hicho hutoka wapi? Rai hakuzaliwa nacho, alicheza daraja la pili hadi akakipata. Mimi nikicheza mashindano sita kwa mwaka, matatu kati yake ya siku mbili, kiwango kitaingilia dirisha gani?

Mtasema baadhi yetu ni walevi, hawajiheshimu, wanaombaomba kwa wanachama. Wapo. Niliwahi kuwa mmoja wao, mwaka 2016, na klabu ilinisimamisha miezi miwili, nikastahili. Adhibuni mwenye kosa kwa jina lake. Msitumie kosa lake kujibu barua yangu.

Na mtasema pesa hakuna. Kwa nauli, sawa, naelewa, mfuko una mwisho. Ila nisaidieni kuhesabu: kuchapisha kalenda ni bure. Kuandika vigezo ni bure. Barua ya ubalozi ni bure. Askari kuambiwa atuache hadi saa kumi na mbili ni bure. Katika mambo matano niliyoyataja, ni moja na nusu tu yanayohitaji mdhamini.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima zote.

Kalenda ya mashindano yote ya kulipwa itoke kabla ya Desemba 15 kila mwaka, na shindano likiahirishwa, taarifa iwe ya siku 21 kamili. Vigezo vya nafasi za mwaliko viandikwe na vibandikwe kwenye kila klabu, pamoja na majina na alama za waliochaguliwa na walioachwa. Zawadi zilipwe ndani ya siku 30, na mdhamini asiyeziweka benki kabla ya raundi ya kwanza asipewe shindano. Wachezaji wa kulipwa waliosajiliwa wapewe saa za mazoezi zilizoandikwa, kwa bei ya mwanachama, angalau katika klabu tatu: moja Nairobi, moja magharibi, moja pwani. Katika mojawapo ya klabu hizo, grini moja ya mazoezi, moja tu, ikatwe na kupigwa roli kwa kasi ya Kenya Open mwaka mzima. Wasimamizi wa viwanja wetu wanaweza. Niliwahi kumuuliza mmoja akaniambia shida ni wanachama kulalamika kwamba mipira yao haisimami. Basi wabaki na grini 18 zao, watuachie ile ya mazoezi.

Kuhusu nauli, sitadai kila mtu apelekwe Ulaya. Chagueni wawili kila mwaka, wa kwanza na wa pili kwa alama, mwanamume au mwanamke, mjini au Mumias kule magharibi, na wasimamieni mwaka mzima: ada, visa, ndege, mahali pa kulala. Mwaka mzima, narudia. Msiwapeleke mara moja wapige picha uwanja wa ndege na kurudi kesho yake tukiambiwa walijaribu.

Na mtupe kiti. Katika kamati zinazopanga mambo yetu, awepo mchezaji mmoja anayechaguliwa na wachezaji wenyewe, mwenye kura. Kahawa ya mikutano tunaweza kujinunulia.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 30 kuanzia leo. Likija nitaliweka hadharani kama nilivyoiweka barua hii, hata likinipinga. Jina langu sikuliandika hapa kwa sababu kesho alfajiri nina mkoba wa kubeba na geti la kupita, ila lipo kwenye zile barua tatu, ya kwanza ikiwa na muhuri wenu, na namba ya simu haijabadilika.

Wenu katika mchezo,

Mwanagofu wa kulipwa, kedi zamu ya asubuhi

Nakala: Wadhamini wote
Makapteni wa klabu
Ubao wa matangazo, banda la makedi